Nilinyoa Ndevu za Mbuzi wa Ntheo

Ni mimi. Zile ndevu nilizinyoa mimi, kwa mkasi wangu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Nimekubali. Sasa niache nikueleze vizuri, kwa sababu huku kwetu Mwala hadithi imeshageuzwa kila namna, na kuna wanaosema nilikuwa nataka kuloga mtu. Asi! Niloge mtu mimi, ambaye hata kuchinja kuku naogopa!

Jina usiniulize. Jua tu kwamba niko na saloni ndogo hapa sokoni, nasuka kina mama na pia nanyoa wanaume. Bado naishi kwa wazazi wangu. Baba ni mtu wa mbuzi. Mtu akitaka kununua mbuzi wa maana, anamwita Baba kwanza aje aangalie. Anamfungua mdomo, anamshika mbavu, halafu anasema, "Huyu chukua," ama, "Huyu wacha." Na akisema wacha, hata mwenye mbuzi habishani naye.

Kila Jumamosi Baba alikuwa anapita saloni, anakaa kwa kiti, anafunga macho, na mimi namtengeneza ndevu. Hakuna mtu mwingine aliruhusiwa kuzigusa. Wakati mwingine alikuwa analala kabisa, wembe uko shingoni, anakoroma. Hiyo kumbuka, tutarudi hapo.

Shida ilianza na simu. Siku za katikati ya wiki wateja hakuna, nakaa tu nikifukuza nzi. Nikaona video ya mwanamke ameshika sufu, manyoya ya kondoo, anaidunga na sindano. Anadunga, anadunga, na sufu inageuka sungura! Sungura wa kukaa kwa kiganja, ana masikio, ana mkia, anakutazama! Hakuna uzi, hakuna gundi. Siri iko kwa sindano. Ina vijino vidogo sana pembeni, na hivyo ndivyo vinavuruga sufu ndani kwa ndani mpaka inashikana na kuwa ngumu. Niliduwaa mpaka nikasahau kuna mama chini ya draya ya kukausha nywele. Alivyoniita, masikio yalikuwa yameshakuwa mekundu.

Nikaagiza sindano na sufu kidogo kutoka Nairobi. Kabla zifike nikaona nijaribu na kile niko nacho, sindano ya kushonea na nywele za kusukia. Woi! Unadunga kutoka asubuhi mpaka jioni, nywele zimelala vilevile, zinateleza. Nywele za plastiki hazishikani, hata ukizibembeleza.

Sufu ilipofika nikaweka kipande cha sponji kwa magoti, nikaanza. Sungura wangu wa kwanza nikampelekea Baba kwa furaha.

"Hii ni nini?"

"Ni sungura, Baba."

Akaigeuza, akaiangalia chini, akaiangalia juu. "Na hii kiazi ilimea masikio lini?"

Mwaitu, yaani mama yangu, alicheka mpaka akakaa chini na kikapu cha mboga.

Sikukata tamaa. Nilitengeneza ndovu, akatoka birika. Nilitengeneza paka, kichwa kikaanguka. Sindano nilizivunja kwa sababu nilikuwa naziingiza moja kwa moja halafu nazitoa nimezipinda. Vidole je? Nilikuwa nimejidunga mpaka nimevifunga plasta karibu vyote, wateja wakaanza kuniuliza nimeumwa na nini. Lakini polepole mkono ukashika. Unaweka sufu kidogo, unadunga wima, unatoa wima, unageuza, huharakishi. Nikatengeneza kuku, na safari hii akawa kuku! Mtoto wa mteja alimshika akakataa kumwachilia, akaenda naye. Siku hiyo nilitembea sokoni kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kiburi kilianzia hapo.

Sasa ndugu yangu. Nitamwita Mutua. Anafanya kazi kwa kiwanda Athi River, na msichana wake, nitamwita Mwende, kwao ni Mitaboni. Wanapendana mpaka inachosha. Kilichobaki ilikuwa ntheo. Kama wewe ni Mkamba hiyo unaijua. Kama si Mkamba, ntheo ni mbuzi ambao kijana anapeleka nyumbani kwa msichana, wachinjwe, waliwe, ndipo huyo msichana ahesabiwe bibi yake. Bila hao mbuzi, hata muishi pamoja mpaka mzeeke, kwao anajulikana bado ni msichana wa nyumbani. Na dume wa ntheo haendi hivihivi. Awe mzima, asiwe na kasoro, kwa sababu wazee watamkagua.

Sisi tulikuwa tumeshaahirisha. Ukame ulikuwa umetumaliza mbuzi, tukaomba muda. Mjomba wake Mwende, ndiye msemaji wao, mrefu, mkali, alituambia wazi, "Mkija tena, mje na mbuzi. Mkija na hadithi, hatutafungua geti." Mutua alikonda. Mwende akawa anapiga simu analia. Yaani hii ilikuwa nafasi ya mwisho, kila mtu nyumbani alijua.

Baba akazunguka, akatafuta, akarudi na mbuzi. Majike mazuri, lakini huyo dume, Ngai wakwa! Mweupe mwili mzima, shingo ya rangi ya kahawia, na ndevu ndefu za kahawia mpaka kifuani. Baba alimwita Chifu, kwa vile alikuwa anasimama anaangalia watu kama anangoja wasalimie. Mutua akampiga picha, akamtumia mjomba. Mjomba akajibu, "Hiyo sasa ni mbuzi." Baba alifanya tumsomee hilo jibu kila siku wakati wa chai.

Basi mimi nikapata wazo. Siku ya ntheo nitampatia mama yake Mwende zawadi, Chifu mdogo wa sufu, anayefanana na Chifu mkubwa kila kitu! Si ni wazo zuri? Mpaka leo nasema wazo lilikuwa zuri. Shida ni kwamba sufu ya kahawia sikuwa nayo, na kuagiza ingine isingefika kwa wakati.

Jumapili nikasema kichwa kinauma. Wote wakaenda kanisani. Mimi nikachukua mkasi wa saloni nikaenda kwa zizi.

Nilitaka nywele chache tu za ndevu. Nakuapia! Nikakata upande mmoja, kidogo. Nikarudi nyuma kuangalia, nikaona upande mmoja ni mfupi. Sasa mimi ni mtu wa saloni, siwezi kuacha kichwa cha mtu hivyo, mkono wenyewe haukubali. Nikasawazisha. Ikawa fupi upande ule mwingine. Nikasawazisha tena. Chifu ametulia anatafuna, mteja mzuri kuliko wote. Nilipoamka kutoka kwa huo usawazishaji, Chifu alikuwa na kidevu kama cha mtoto wa shule.

Hapo mtu mwenye akili angeacha, lakini mimi nikaenda kudunga. Kumbe nywele za mbuzi zinateleza karibu kama zile za plastiki! Ukiziweka juu ya sufu na kuzidunga ndani sana, zingine zinashika, na zingine nyingi zinamwagika chini. Zikaisha. Nikarudi kwa zizi. Nikakata za shingo. Nikarudi tena, nikakata nyeupe za ubavuni, ili mwili wa huyu mdogo ung'ae kama wa mkubwa. Mbuzi mdogo akawa anamkula mbuzi mkubwa, na mimi ndiye nabeba sahani!

Lakini alitoka, rafiki yangu. Alitoka! Pembe, kwato, ndevu zikipeperuka, hata yale macho ya kudharau watu. Nilimweka kwa meza nikamwangalia nikaona mimi ni fundi. Halafu nikachungulia nje, nikamwona Chifu mwenyewe, na kichwa kikaniuma kweli sasa, si kule kwa kusingizia.

Baba aliporudi alienda kwa zizi moja kwa moja, suti ya kanisa bado mwilini. Nikamsikia, "Woi! Woi! Nani amekuja hapa?"

Wakati wa kusema ulikuwa huo. Baba angefoka, Mwaitu angenitetea, jioni tungecheka. Lakini niliona vile uso wake ulikuwa umekauka, nikaogopa. Mdomo ukajifungua wenyewe.

"Baba, nimemwona akijikuna kwa ile miiba ya ua. Alikuwa anajikuna vibaya sana."

Akaniamini. Hakuuliza hata swali moja. Akaenda dukani na suti hiyohiyo, akanunua ile dawa ya kupuliza ya vidonda, ya rangi ya zambarau. Wiki nzima kila jioni alikuwa anampulizia Chifu kidevu, shingo na ubavu. Alikata hiyo miiba yote ya ua. Alikuwa anaamka anamwangalia mbuzi kabla hajanywa chai. Mutua alipiga simu kuuliza kama tubadilishe dume, Baba akasema, "Picha walitumiwa ya huyu. Tukipeleka mwingine watasema tumewadanganya. Atapona." Na mimi niko hapo, naosha vikombe. Chifu mdogo yuko kwa mkoba wangu.

Jumamosi tukafika Mitaboni. Kina mama na leso mpya, kreti za soda, nyimbo getini, wanatuzuia, tunabembeleza, geti likafunguliwa. Mbuzi wakashushwa. Nyimbo zikaanza kupungua, moja moja, mpaka nikasikia tu sauti ya kuku.

Kwa sababu dume aliyesimama hapo alikuwa hana ndevu, amechakaa ubavu, na kidevu ni zambarau.

Mjomba akamzunguka. Akatoa simu, akavaa miwani, akaangalia picha. Akaangalia mbuzi. Akaangalia picha.

"Mzee, sisi tulitumiwa Chifu. Huyu ni nani?"

"Huyu ndiye Chifu," Baba akasema.

"Chifu ako na ndevu."

"Alikuwa nazo."

"Zilienda wapi? Likizo?"

Vijana wao wakacheka. Wetu hakuna aliyecheka. Mzee mwingine wao akainama akasema huo ni upele, mbuzi ni mgonjwa, hawezi kuliwa na watu. Mjomba akasema hapana, si ugonjwa, hii ni mbuzi ingine kabisa, ile nzuri imebaki Mwala ama imeuzwa. "Na mtu akibadilisha mbuzi ya ntheo," akasema, "msichana wetu huko atafanyiwa nini?"

Mutua alisimama akakaa, akasimama tena. Mwende alikuwa kwa mlango wa jikoni, amevaa kitenge cha siku hiyo, ameshika mfuniko wa sufuria, machozi yanashuka tu, hata hapangusi. Alidhani tumemdharau. Alidhani yeye ndiye amepewa mbuzi wa kutupwa.

"Rudini na mbuzi zenu," mjomba akasema.

Baba akavua kofia. Sijawahi kumwona Baba akivua kofia mbele ya mtu isipokuwa kanisani. Akasema polepole, "Mimi niko na makosa mengi. Lakini kudanganya mtu juu ya mbuzi, hiyo sijawahi. Huyu msichana wangu alikuwa nyumbani. Aliona kwa macho yake vile mbuzi alijikuna." Akanigeukia. "Simama, mama. Waambie."

Mama! Aliniita mama, mbele ya hao watu wote, kwa upole, vile ananiita akiwa na furaha na mimi.

Nikasimama. Najua ningesema tu, "Ndiyo, nilimwona," labda mambo yangepita, labda hayangepita. Lakini nilimwangalia Baba na hiyo kofia mkononi, kichwa chake kina kipara ambacho watu hawakijui, nikashindwa. Nikafungua mkoba, nikamtoa Chifu mdogo.

"Hakujikuna," nikasema. "Ni mimi nilimnyoa. Nilikuwa natengeneza hii."

Mutua alifunika uso. Mwaitu alisema "Uui!" mara moja tu. Baba alirudisha kofia kichwani.

Aliyeinuka ni susu, nyanya yake Mwende, mzee sana, anatembea na fimbo. Akanipokonya hako kambuzi, akakageuza, akakanusa. Akaenda nako mpaka kwa Chifu, akakaweka karibu na kidevu chake, alinganishe rangi. Chifu naye akanyoosha shingo, akanusa ndevu zake mwenyewe, halafu, haki ya Mungu, akafungua mdomo akataka kuzikula!

Susu akamchapa pua. "Ni yeye!" akasema. "Nywele ni zake, na hata yeye amezijua. Mzee hajadanganya mtu. Ako na msichana mjinga tu."

Kicheko kilichopasuka hapo, sijui kama Mitaboni wamewahi kucheka hivyo. Mjomba alijaribu kukaza uso, miwani ikamwanguka. Mtu akapiga kigelegele. Mwende alicheka na machozi bado yapo usoni, akaangusha mfuniko, kelele ikazidi. Wazee wakamkagua Chifu upya, wakamwosha ile zambarau, wakaona ngozi ni safi, mbavu zimejaa. Wakamkubali.

Lakini faini lazima. Mjomba akasimama akatangaza, "Huyu alianza kumkula Chifu kabla yetu. Basi asile tena." Wote wakasema sawa! Nikawekwa kwa moto nigeuze nyama, moshi machoni, harufu puani, na mtoto amewekwa hapo kuangalia nisionje. Mwende alikuja akaniletea ugali na sukuma, akanikumbatia, akaniambia, "Wifi, wewe utaniua." Huyo sasa ni wifi yangu kweli. Chifu mdogo amekaa juu ya televisheni ya susu, chini yake kuna kitambaa kizuri, na mgeni hapiti hapo kabla hajaonyeshwa.

Ungedhani imeisha vizuri. Mimi pia nilidhani.

Nyumbani Baba alikunywa chai, akaosha kikombe mwenyewe, akasema tu, "Nilikuita shahidi." Akaenda kulala.

Jumamosi iliyofuata nikapanga wembe, nikachemsha maji, nikapangusa kiti. Nikamwona Baba anakuja. Akafika usawa wa mlango wangu, akapita! Akavuka barabara, akaingia kwa yule kinyozi kijana wa upande ule, anayenyoa huku anacheza muziki. Nilisimama nyuma ya pazia nikalia, usicheke. Akatoka ndevu zimeenda upande. Na akaendelea kwenda huko, wiki baada ya wiki, anatoka amepinda vilevile.

Sokoni nimekuwa Mama Chifu. Wateja wakimaliza kunyolewa wanainama wanaokota nywele zao wenyewe kutoka sakafuni, wanatia kwa mfuko. "Hatujui utatengeneza nani," wanasema. Nacheka nao. Nitafanya nini?

Juzi Jumamosi nilikuwa nafagia, kivuli kikaziba mlango. Baba. Ndevu zimepinda, upande mmoja umekaribia kuisha. Hakusalimia. Akakaa kwa kiti. Nikamfunga kitambaa, nikaanza. Nilisawazisha kidogo sana nikaacha, hata kama haikuwa sawa kabisa. Nimejifunza! Muda wote huo alikuwa ananiangalia kwa kioo, macho wazi.

Nilipomaliza, akatoa leso mfukoni, akakusanya kila unywele kutoka kwa kitambaa, akafunga fundo, akatia kwa koti.

"Baba, hata wewe?"

"Hizi nabeba," akasema. "Nikiulizwa zilienda wapi, niwe na jibu."

Alipofika mlangoni niliona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka, lakini hakugeuka nione.

Sasa wewe unayeanza hii kazi ya sindano, nisikilize. Nunua sufu, na kama rangi haipo, tengeneza mnyama wa rangi iliyopo. Anza na kuku, ndovu atakutoa jasho. Wanyama wa watu waachie manyoya yao. Na ukiharibu, kwa sababu utaharibu, sema siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbuzi amesimama hapo na suti ya kanisa anapiga nduru. Usingoje mpaka avue kofia mbele ya watu ajitetee na uongo wako.

Baba amesema atakuja tena Jumamosi. Namngoja, nione kama atafunga macho.